Samsung Galaxy A05 kwa kazi ya katibu wa VICOBA: itanifaa, au nitafute nyingine?

Katibu wa Kibosho

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, cha akina mama huku Kibosho, mkoani Kilimanjaro, chenye wanachama 28. Kwa miaka sita nimeandika hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii kwenye daftari kubwa, na simu niliyo nayo ni kiswaswadu kinachonitosha kupiga, kupokea na kutuma fedha. Mwezi uliopita wanachama waliazimia kwamba kila kikao kinapomalizika nipige picha ukurasa wa siku hiyo na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp, ili hata mwanachama aliyekwenda Dar es Salaam kumwangalia mjukuu aone kwa macho yake kwamba hisa zake zimeandikwa sawasawa. Kikundi kimetenga shilingi 300,000 kwa ajili ya simu hiyo. Fedha hizo zimetoka kwenye maziwa, ndizi na kahawa za watu, na ndiyo sababu naogopa kununua kwa kubahatisha.

Nimezunguka maduka kadhaa mjini Moshi, kuanzia Double Road hadi karibu na stendi. Wauzaji watatu kati ya wanne walinionyesha Samsung Galaxy A05, na nilichoandika kutoka kwenye boksi lake ni hiki: kioo cha inchi 6.7, betri ya mAh 5,000, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 au 128, na kamera ya megapikseli 50. Ile ya GB 64 iko ndani ya fedha tuliyotenga, na ya GB 128 inazidi kidogo. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba RAM hiyo ya GB 4 inageuka kuwa GB 8 ukiingia kwenye mipangilio. Mwingine alinishauri nichukue simu ya nusu ya bei hiyo yenye RAM ya GB 2, akisema kwa WhatsApp na picha inatosha kabisa.

Naomba mnisaidie kwa uzoefu wenu. Je, simu ya daraja hili inaweza kunifikisha miaka mitatu? Hiyo RAM inayoongezeka ni kitu cha kweli? Na ni udhaifu upi ambao hauonekani dukani, bali huja kumuumiza mtu akiwa tayari ameshalipa? Mjue pia kwamba umeme huku kwetu hukatika, wakati mwingine kutwa nzima, na vikao vyetu huanza saa kumi jioni na mara nyingi humalizika taa zikiwa zimewashwa.

Fundi Ngarenaro

Shikamoo mama katibu. Mimi natengeneza simu hapa Ngarenaro, Arusha, huu ni mwaka wa 12, na ningefurahi kama kila mteja angeuliza maswali haya kabla ya kwenda dukani, kuliko kuja kwangu simu ikiwa imeshaanza kuganda.

Nianze na RAM, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi. Wewe unatoka kwenye kahawa, basi ichukulie RAM kuwa ni kichanja cha kuanikia, na hifadhi ya ndani kuwa ni stoo. Kazi inayoendelea sasa hivi iko juani kwenye kichanja, na vingine vyote vimelala stoo. Yule muuzaji hakukudanganya kwamba mpangilio huo upo, kwani Samsung wanao na wanauita RAM Plus, lakini kinachofanyika ni kutenga sehemu ya stoo, kumwaga kahawa sakafuni humo, na kusema sasa kichanja kimeongezeka. Kahawa ya sakafuni haikauki kama ya juani. Hifadhi ya simu hii ni ya aina inayoitwa eMMC 5.1, ambayo hata katika hali bora kabisa haipitishi zaidi ya megabaiti 400 kwa sekunde, ilhali RAM yenyewe hupitisha gigabaiti kadhaa katika sekunde hiyo hiyo. Kwa hiyo mpangilio huo husaidia programu uliyoiacha nyuma isifungwe haraka, na hauifanyi simu iwe na kasi ya simu yenye RAM ya GB 8. Nunua ukijua kwamba una GB 4.

Sasa nije kwenye udhaifu uliouliza, ule usioonekana dukani. Kwa maoni yangu, na nayasema haya baada ya kufungua mamia ya simu za daraja hili, uko kwenye hiyo hifadhi. Stoo ya eMMC ina mlango mmoja mwembamba: anayeingiza gunia na anayetoa gunia hawawezi kupishana, lazima mmoja amsubiri mwenzake. Simu za bei kubwa hutumia hifadhi ya aina ya UFS, ambayo husoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ndiyo maana unaweza kuona simu mpya ya bei nafuu ikikimbia vizuri mezani kwa muuzaji, ikiwa tupu, kisha siku ambayo programu tano zinasasishwa kwa pamoja huku WhatsApp inapakua video za kundi la ukoo, ikakwama kana kwamba imezimia.

Jambo hilo huzidi stoo inapojaa. Hifadhi ya simu haiwezi kuandika juu ya kitu kilichopo kama unavyofuta ubao wa darasani; lazima kwanza ifute kipande kizima, na kabla ya kukifuta ihamishe vilivyo hai ndani yake kwenda mahali pengine palipo wazi. Pakikosekana mahali pa wazi, kila picha mpya unayopiga inalazimisha kupangua na kupanga upya. Wateja wangu wengi wanaosema "simu imechoka" wamebakiwa na nafasi isiyofika GB 2, na nikihamisha picha na video zao simu inarudi kuwa na uhai siku hiyo hiyo, bila kubadilishwa kifaa chochote. Mimi hushauri sehemu moja ya tano ya hifadhi iachwe wazi siku zote. Kumbuka pia kwamba zile GB 64 si zako zote, kwa kuwa mfumo wa Android na programu zilizokuja na simu huchukua sehemu kubwa kabla hujapiga picha ya kwanza. Kama kikundi kinaweza kuongeza fedha kidogo, iongezwe kwa ajili ya GB 128, si kwa ajili ya kitu kingine.

Kuhusu ile ya RAM GB 2, nasema hapana bila kusita. Google walitengeneza toleo jepesi la Android linaloitwa Android Go, ambalo simu zake zilianza kutoka baada ya Desemba 2017, ili simu ndogo ziweze kufanya kazi, na kuanzia Android 13 kiwango cha chini kabisa cha toleo hilo ni RAM ya GB 2. Maana yake unanunua simu ambayo tayari imesimama kwenye kizingiti. Programu huongezeka uzito kila mwaka, wakati simu hiyo haitaongezeka chochote.

Nguvu za A05 nazo zipo, na ni haki kuzitaja. Prosesa yake, yaani ubongo wa simu, ni Helio G85 ya MediaTek, iliyoanza kutumika mwaka 2020. Si mpya, lakini kwa WhatsApp, programu za fedha, kamera na hata mahesabu kwenye jedwali inatosha bila manung'uniko. Ina sehemu ya laini mbili pamoja na nafasi ya pekee ya memori kadi, hivyo hulazimiki kutoa laini moja ili kadi ipate pa kukaa. Tundu la chaji ni la aina ya USB-C, ambalo halina juu wala chini, na kwa uzoefu wangu yale matundu ya zamani ya micro USB ndiyo yanayoletwa kwangu kwa wingi yakiwa yamelegea. Kioo chake ni LCD ya kawaida, kwa hiyo kikivunjika gharama ya kukibadilisha haifikii ile ya vioo vya AMOLED vya simu za gharama, na vipuri vya simu zinazouzwa kwa wingi hivi hupatikana Arusha na Moshi bila kuagiza.

Kuhusu miaka mitatu: A05 ilitoka mwaka 2023 ikiwa na Android 13, na Samsung waliahidi matoleo makubwa mawili ya Android na masasisho ya usalama kwa miaka minne. Hesabu hiyo huanza siku simu ilipotoka, si siku wewe ulipoinunua. Mwaka 2024 ilitoka Galaxy A06, ambayo ina prosesa ile ile na betri ya ukubwa ule ule, ila imeongezewa kitambua alama ya kidole ubavuni na ilianza na Android 14, kwa hiyo iko mbele kwa mwaka mmoja wa masasisho. Ukiikuta kwa tofauti ndogo ya bei, ichukue hiyo.

Mgumu wa Marangu

Shikamoo mama, na heshima kwako fundi. Mimi ni mpagazi, wenyewe tunaitana wagumu, napandisha mizigo Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na nimetumia simu za bei nafuu tu maisha yangu yote. Fundi ameeleza stoo, mimi nieleze betri, maana juu ya mlima hakuna kitu kinachompima mtu na simu yake kama betri.

Betri ya mAh 5,000 kwenye simu yenye kioo cha pikseli (zile nukta ndogo zinazochora picha) 720 kwa 1,600 ni nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wengi hulalamika kwamba kioo cha aina hiyo si kikali kama cha simu za gharama, na ni kweli ukisogeza macho karibu utaona kingo za herufi hazijakaza, lakini pikseli zikiwa chache kazi ya kuzichora nayo ni ndogo, na chaji inakaa. Kwa matumizi yangu ya kupiga simu, WhatsApp na picha chache, simu yenye betri ya ukubwa huo hunipa siku mbili nikiwa kijijini. Kwa kuwa umeme wa Kibosho unakatika kutwa nzima, hilo peke yake lingenifanya nisiiogope A05.

Kule juu mambo ni mengine. Kituo cha Kibo kiko mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kwenda kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi 0. Simu yangu, ambayo kampuni yake sina haja ya kuitaja, ilikuwa inasoma asilimia 40 ikazima ghafla mkononi. Nilipoiweka ndani ya nguo kifuani na kuiwasha baada ya nusu saa, asilimia zilikuwepo vile vile. Chaji haikuwa imeibiwa. Ndani ya betri ya lithiamu kemikali hupita polepole kunapokuwa na baridi, umeme unaotoka unashuka nguvu, na simu hujizima ikidhani imeisha. Nilichokuja kujifunza kwa hasara ni kwamba betri iliyo baridi chini ya nyuzi 0 haifai kuchomekwa kwenye chaja, kwa kuwa lithiamu hujikusanya ndani kama utando wa chuma na uwezo uliopotea hapo haurudi. Simu yangu ya kabla ya hiyo niliiharibu kwa kuichaji na pawabenki ndani ya hema alfajiri, msimu mzima, bila kujua.

Kwako Kibosho baridi ya Julai haifiki huko, mama, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Adui wa betri yako atakuwa joto: usiichaji ikiwa imefunikwa na mto, wala usiiache juani dirishani. Na ukinunua pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000, usitegemee kujaza simu ya mAh 5,000 mara mbili. Pawabenki hupandisha umeme wake hadi volti 5, na katika kupandisha huko na joto linalotoka sehemu kubwa hupotea, hivyo utaijaza mara moja na kubakiwa na kiasi.

Udhaifu mmoja zaidi: simu hii haina kinga ya maji iliyothibitishwa. Masika ya kwetu mnayajua. Mfuko wa plastiki wa sukari uliokauka vizuri umeniokolea simu mara nyingi kuliko kava lolote nililonunua.

Mwalimu wa Usa River

Mama katibu, habari za Kibosho. Mimi ni mwalimu, na pia ni mweka hazina wa kikundi chetu huku Usa River, na tumekuwa tukituma kurasa za daftari kwenye WhatsApp kwa mwaka wa pili sasa. Naona ndugu zangu wamegusa kila kitu isipokuwa kazi yenyewe uliyotumwa kuifanya, ambayo ni picha ya daftari.

Tusivutwe na megapikseli 50. Kamera hiyo kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja, na picha inayotoka inakuwa ya megapikseli zipatazo 12. Lensi ya pili unayoiona mgongoni ni ya megapikseli 2 na kazi yake ni kupima umbali ili kuifanya ile kubwa ififishe mandhari nyuma ya mtu. Haipigi picha ya kukufaa. Lakini hata hizo 12 ni nyingi kuliko unavyohitaji. Ukurasa wa A4 ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, kama wanavyofanya wachapaji, unahitaji megapikseli zisizofika 9. Mchana, karibu na dirisha, simu ya bei nafuu itakupa ukurasa unaosomeka hadi senti ya mwisho.

Shida inaanza hapo ulipotaja taa. Sensa za simu hizi, yaani vipokea mwanga vya kamera, ni ndogo, mwanga ukipungua hulazimika kuuongeza kwa nguvu za kielektroniki, na matokeo yake ni chengachenga ambazo kwenye ukurasa wa tarakimu zinaweza kufanya 3 ionekane 8. Kwetu jambo hilo lilitokea, na mama mmoja alilia mbele ya kikao akidhani hisa zake zimepunguzwa, wakati daftarini zilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo tunapiga picha asubuhi inayofuata, kabla daftari halijarudi sandukuni, na washika funguo wote watatu wa sanduku wakiwepo.

Tena, kosa jingine halikuwa la kamera bali la namna tulivyotuma. WhatsApp hubana picha ili isile bando, na maandishi madogo ya peni huumia katika kubanwa huko. Ukibonyeza ile alama ya kuambatisha, chagua kutuma kama hati badala ya kutuma kama picha, nayo itafika kama ilivyopigwa. Itakula bando zaidi kidogo, ila mwanachama ataweza kuikuza hadi aone jina lake.

Kwa upande wa usalama naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa simu hii itabeba siri za watu 28. A05 haina kitambua alama ya kidole. Itakupa namba ya siri, mchoro, au kutambua uso. Utambuzi wa uso kwenye simu za daraja hili hutumia kamera ya mbele tu, na Samsung wenyewe huonya kwamba mtu anayefanana nawe, au hata picha yako, inaweza kuufungua. Tumia namba ya siri ya tarakimu sita. Kisha weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, kitu ambacho watu wengi hawakijui: mwizi akichomoa laini yako na kuipachika kwenye simu nyingine, bila namba hiyo haitafanya kazi, hivyo hatapokea ujumbe wa kufungulia WhatsApp yako wala kuanza kuchezea akaunti ya fedha. Sanduku lenu lina makufuli matatu, nayo simu inayobeba picha za daftari lake inastahili angalau mawili.

Jambo la mwisho kwangu ni onyo. Usikubali kuuziwa simu kwa mkopo wa kulipa kila siku kidogo kidogo. Mdogo wangu alichukua moja kwa namna hiyo, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Alipochelewa siku mbili kwa ajili ya msiba simu ilijifunga yenyewe akiwa Bomang'ombe, hana namna ya kuwaambia nyumbani amefika wapi, na alipomaliza deni alikuwa amelipa karibu mara mbili ya bei ya dukani. Kikundi chenu kina fedha taslimu. Lipeni mara moja, mchukue risiti.

Kijana wa Mbuyuni

Shikamoo mama. Naheshimu yote yaliyosemwa, ila naona njia moja imeachwa. Kwa fedha hiyo hiyo ya shilingi 300,000 unaweza kupata simu iliyotumika ya daraja la juu, iliyotoka miaka mitano au sita iliyopita, yenye hifadhi ya UFS ambayo fundi ameisifia, kioo cha AMOLED, na kamera ambayo hata kwenye taa ya ukumbini itasoma daftari vizuri. Mimi natumia moja, na ukiiweka kando ya simu mpya ya bei nafuu utaona tofauti bila kuambiwa. Tunasema udhaifu wa simu nafuu ni hifadhi na kamera ya usiku. Basi dawa ya vyote viwili ipo sokoni.

Fundi Ngarenaro

Kijana wangu, hoja yako ina uzito na sitaipuuza, kwa sababu upande wa kasi na kamera uko sahihi. Kama mama angekuwa mpiga picha wa harusi ningemwambia akufuate wewe.

Lakini tazama kinachoharibika kwa umri. Betri ya lithiamu ikishachajiwa na kuisha mizunguko ipatayo 500 hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na simu ya miaka mitano imepita huko zamani. Zile simu za daraja la juu zimegundishwa kwa gundi kuzuia maji. Zikishafunguliwa mara moja kubadilishwa betri, kinga hiyo hairudi kama ilivyotoka kiwandani. Masasisho ya usalama ya simu nyingi za umri huo yameisha, na hii ni simu itakayopokea ujumbe wa fedha. Kioo cha AMOLED kikivunjika, gharama yake inaweza kukaribia kile ambacho kikundi kizima kimetenga. Mtu binafsi anaweza kuibeba hatari hiyo mwenyewe. Katibu anayetumia fedha za akina mama 28 atasimama kikaoni aeleze kwa nini simu ya mwezi wa pili imekufa, na hana waranti mkononi.

Hata hivyo, kama kuna mtu anasoma hapa na ameamua kununua iliyotumika, jambo la kwanza ni kujua kama simu ni halali. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, ambayo ni utambulisho wa simu yenyewe, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa ni ya kampuni gani na ni ya aina gani. Jibu lisipolingana na simu uliyoishika, irudishe mezani na uondoke. Nakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozizima simu bandia: asubuhi yake foleni ilikuwa mlangoni kwangu, watu wazima wameshika simu ambazo haziwezi tena kupata mtandao, na sikuwa na la kuwasaidia. Fanya hivyo hata kwa simu mpya iliyo ndani ya boksi.

Katibu wa Kibosho

Ndugu zangu, nimeyasoma yote mara mbili, na jana jioni nilimsomea mwenyekiti na mweka hazina. Nashukuru kwa muda wenu, na hasa kwa hadithi ya mama aliyelia kikaoni, kwa sababu kwetu ingeweza kuvunja kikundi.

Tumekubaliana yafuatayo. Tutatafuta kwanza A06 ya GB 128, na ikikosekana kwa fedha tuliyo nayo tutachukua A05 ya GB 128. Wanachama watatu wamejitolea kujazia upungufu, nao nimewaandika daftarini ili warudishiwe. Ile ya RAM GB 2 tumeiacha. Picha zitapigwa asubuhi baada ya kikao, kwenye baraza ya nyumba ya mweka hazina inayotazama mashariki.

Nimebakiwa na swali moja tu. Kundi letu la WhatsApp lina watu wanaopenda kutuma video za mahubiri na vichekesho kuanzia alfajiri, na baada ya maelezo ya fundi kuhusu stoo nimeanza kuziogopa. Je, nizifute moja moja kila siku?

Mwalimu wa Usa River

Hapana, mama, utachoka. Simu ikishawashwa na WhatsApp ikafunguliwa, kabla hujajiunga na kundi lolote ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, utaona mahali pa kuchagua ni vitu gani vipakuliwe vyenyewe. Ondoa alama zote kwenye picha, sauti, video na hati, kwa data ya simu na hata kwa WiFi. Kuanzia hapo video itakuja ikiwa na ukungu, na haitaingia stoo mpaka wewe mwenyewe uiguse. Bando lako nalo litapumua.

Kwa zile zitakazoingia, sehemu hiyo hiyo ina mahali pa kusimamia hifadhi, panapokupangia mafaili makubwa kutoka zito hadi jepesi, uyafute kwa pamoja mara moja kwa mwezi. Picha za daftari zihamishie kwenye memori kadi, na nakala nyingine iwe kwenye akaunti ya Google ya kikundi, ambayo hutoa GB 15 bila malipo. Kurasa za daftari kwa miaka mitatu hazitazimaliza. Akaunti hiyo ifunguliwe kwa jina la kikundi, si jina lako, na nywila yake iandikwe kwenye karatasi itakayofungwa ndani ya sanduku.

Mgumu wa Marangu

Mama, mimi nateremka mjini Jumamosi kupokea mzigo. Kama mtakwenda siku hiyo na mnapenda kuwa na mtu wa kuwasaidia kutuma IMEI na kukagua boksi kabla hamjalipa, andikeni hapa, nitawasubiri nje ya stendi saa nne asubuhi.

Katibu wa Kibosho

Tutakuwepo, mwanangu. Tutakuja watatu, na daftari tutalibeba, tulipige picha pale pale dukani kabla ya kutoa fedha.